Injini inagonga? Isake sauti kwanza, ndipo ushike spana

Hapa Mombasa kuna neno moja la fundi linaloweza kumeza akiba ya mwaka mzima. Neno lenyewe ni "imenoki". Mtu amejinyima, amenunua Subaru ya turbo iliyotumika, na miezi miwili baadaye anasikia kitu kikigonga chini ya boneti. Anaipeleka gereji. Fundi anafungua, anasikiliza nusu dakika, anatikisa kichwa, kisha anatoa hukumu: "Hii imenoki, tafuta injini nyingine." Kutoka hapo mazungumzo huwa si ya kelele tena, ni ya bei ya injini kutoka Japani.

Naandika makala haya kwa ajili ya huyo mwenye gari, na kwa fundi kijana ambaye hakupata mtu wa kumfundisha kusikiliza. Hoja yangu ni moja. Kelele ya injini ina tabia zake: ina saa yake, ina mahali pake, na kuna mambo yanayoibadilisha. Ukizijua tabia hizo tatu kabla ya kufungua nati yoyote, mara nyingi utajua kama unahitaji klipu ya shilingi mia chache au injini nzima. Majaribio yenyewe ni ya bei nafuu. Ghali ni kuyaruka.

Mfano wangu utakuwa Subaru Impreza WRX yenye injini ya EJ20, kwa sababu niliifuatilia kwa karibu moja iliyonunuliwa na mpwa wangu, na kwa sababu gari hizi vijana wetu wanazipenda. Mapenzi hayo yana historia: Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akaishinda kwa Impreza mwaka 2000. Waliokuwa watoto wakati huo leo ndio wanaonunua.

Kwanza, ijue sauti yake ya kawaida

Injini ya EJ20 ilianza kwenye Legacy mwaka 1989, na toleo la mwisho la WRX STI lililoibeba lilitangazwa Japani mwaka 2019. Ni injini iliyolala. Pistoni mbili ziko kulia, mbili kushoto, zikipigana ngumi kwa mlalo badala ya kupanda na kushuka. Muundo huu una faida zake, lakini unamchanganya anayezoea injini ya Toyota iliyosimama, kwa sababu sauti za ubavu mmoja husikika kwenye gurudumu la kulia na za ubavu mwingine kwenye la kushoto.

Halafu kuna ule mngurumo wa Subaru, "bub-bub-bub", ambao mgeni hudhani ni ugonjwa. Kwenye modeli nyingi unatokana na mabomba ya ekzosti kuwa na urefu usiolingana, kwa hiyo moshi wa kila silinda haufiki kwenye turbo kwa mpangilio sawa. Baadhi ya modeli za soko la Japani zina mabomba yaliyolingana, na hizo hazingurumi hivyo. Mngurumo ukiwepo au usipokuwepo, hiyo pekee si dalili ya ubovu.

Vilevile, tiki-tiki nyepesi ya haraka inayotoka kwenye injekta ni kawaida. Kwenye injini mpya zaidi ya FA20 yenye turbo, kama ile ya WRX S4 iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2014, petroli hupulizwa ndani ya silinda moja kwa moja kwa presha kubwa, na pampu yake hupiga tiki-tiki zaidi. Injini hiyo pia hutumia cheni badala ya mkanda wa taimingi. Kwa hiyo uliza kwanza ni injini gani, ndipo uulize inaumwa nini.

Maswali ya kujibu ukiwa umesimama tu

Swali la kwanza: inagonga wakati gani? Ikiwa baridi tu, ikiwa moto tu, au siku zote? Injini baridi ina nafasi kubwa kati ya pistoni na silinda, kwa hiyo pistoni hupiga ukuta hadi ipate joto ijae. Injini moto ina oili nyepesi na presha ndogo, kwa hiyo beringi zilizolika ndipo hulalamika. Hapa Pwani tuwe makini. Asubuhi yetu ya Mombasa ina joto kuliko ya Limuru, na gari linalogonga vikali kwenye baridi ya huko laweza kunyamaza upesi hapa. Liache lilale usiku kucha, uliwashe baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijapanda. Hapo ndipo litasema ukweli.

Swali la pili: inafuata nini? Ikifuata mizunguko ya injini hata gari likiwa limesimama, ni ya injini au vinavyozungushwa nayo. Ikifuata mwendo wa magurudumu, iache injini na utazame beringi za magurudumu, ekseli na difu. Ikibadilika unapokanyaga klachi, tazama beringi ya klachi au gia boksi.

Swali la tatu: mpigo wake ni wa kasi gani? Kwenye injini ya mipigo minne, kamshafti huzunguka mara moja kila krankishafti inapozunguka mara mbili. Injini ikiwa sailensi kwenye mizunguko 750 kwa dakika, krankishafti inazunguka zaidi kidogo ya mara 12 kwa sekunde, na kila valvu inafunguka kama mara 6 tu. Sauti ya valvu moja yenye nafasi kubwa itakuwa nyepesi na ya pole kuliko sauti inayofuata kranki. Huhitaji mashine kutambua hili, unahitaji utulivu, na redio iliyozimwa.

Swali la nne: inabadilika injini ikibeba mzigo? Kelele isiyosikika ukiwa umeegesha, lakini ikatokea unapopanda mlima wa Mazeras kwa gia ya juu, si ndugu ya kelele ya asubuhi kwenye uwanja wa nyumba. Ziandike mbalimbali.

Watuhumiwa, kuanzia wa bei rahisi

Mtuhumiwa wa kwanza kwetu Pwani ni bati. Ekzosti ya Subaru imefunikwa mabati membamba ya kukinga joto, yaliyoshikwa kwa nati ndogo. Hewa yetu ina chumvi, na gari nyingine zilikuwa zimeshakula chumvi ya kuyeyusha theluji huko Japani kabla ya kupanda meli. Nati huliwa na kutu, bati hulegea, na linapotikisika kwenye mizunguko fulani hutoa mlio wa chuma ambao ukiusikia ndani ya gari utaapa kwamba injini imekwisha. Dawa yake ni kuingia chini gari likiwa baridi, kugonga kila bati kwa ngumi, na lile linalolia kulifunga kwa klipu ndefu ya chuma ya kufungia mpira wa redieta.

Wa pili ni gasketi ya ekzosti inayovuja. Hii hupiga "tiki-tiki" au "chap-chap" inayozidi unapokanyaga mafuta, na mara nyingi hupungua chuma kikipata joto na kutanuka. Alama yake ni masizi meusi penye kiungo. Chukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine ipitishe karibu na viungo bila kugusa. Penye uvujaji utasikia kama mtu anakupulizia sikio.

Wa tatu ni vile vinavyozungushwa na mikanda ya nje: alteneta, pampu ya stelingi na kompresa ya AC. Beringi zake zikichoka hulia, husaga au hugonga. Kwenye EJ20, pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa taimingi ulio ndani, si mikanda ya nje. Kwa hiyo unaweza kutoa mikanda ya nje na kuwasha injini kwa muda mfupi kama jaribio. Kelele ikiisha, umeokoa injini. Ikibaki, umewaondoa watuhumiwa watatu kwa mpigo mmoja.

Wa nne ni tenshena ya mkanda wa taimingi na roli zake. Tenshena ni kifaa chenye oili ndani kinachosukuma mkanda usilegee. Ikivuja huchoka, mkanda hupiga kava au tenshena yenyewe hugonga, hasa asubuhi injini ikiwa sailensi. Ukiongeza mizunguko kelele hupotea, na wengi husema "imepona". Haijapona. EJ20 ya turbo ni injini ambayo mkanda ukiruka meno au kukatika, valvu hukutana na pistoni. Hapo ndipo utakaponunua injini kweli.

Wa tano ni pistoni yenyewe kupiga ukuta ikiwa baridi. Injini nyingi za Subaru zina tabia hii kwa kiasi, na ikiisha ndani ya dakika chache gari likipata joto, wengi huishi nayo miaka, wakiepuka tu kukanyaga sana kabla gari halijapata moto. Isipoisha hata gari likiwa moto, si tabia tena.

Wa sita ni turbo. Ile filimbi ndogo inapojaza upepo ni kawaida. Mlio kama king'ora unaopanda na kushuka na mizunguko, au sauti ya chuma kusaga, ni onyo kwamba shafti yake imelegea au mabawa yanagusa nyumba yake. Turbo hupata oili ileile ya injini, na baadhi ya injini hizi zina kichujio kidogo kwenye boliti ya bomba la oili kinachoweza kuziba. Turbo ikifa na kumwaga vyuma, vyuma hivyo huingia kwenye oili na kutafuta beringi. Basi usibadilishe turbo bila kusafisha njia za oili, maana mpya itafuata ya zamani.

Wa saba ni mlio wa kuungua vibaya kwa petroli, unaotokea unapokanyaga mafuta kwa mzigo. Ni kama punje za mahindi mabichi zikitikiswa kwenye kopo. Si chuma kugonga chuma, ni mchanganyiko kulipuka kabla ya wakati wake. Gari hizi zilitengenezewa petroli ya okteni ya juu ya Japani, ambayo kwa viwango vya huko haishuki chini ya 96, wakati petroli yao ya kawaida kiwango cha chini ni 89. Ukiweka petroli ya okteni ndogo, au kompyuta ya gari ikiwa imeongezewa nguvu na fundi wa zamani, au hewa inayoingia ina joto kama la Februari letu, mlio huu huja. Kompyuta hujaribu kuokoa injini kwa kuchelewesha cheche, lakini ina mpaka wake. Mlio huu huvunja pistoni. Usirudierudie jaribio hili ili kuwaonyesha marafiki.

Wa mwisho, na ndiye anayesingiziwa kila siku, ni beringi ya konrodi. Huyu sauti yake ni nzito, ya ndani, kama nyundo inayogonga ubao mnene kutoka chumba cha pili. Huwa mbaya zaidi injini ikiwa moto. Husikika vizuri ukiishikilia injini kwenye mizunguko kama 2,500 hadi 3,000, kisha ukaachia mafuta taratibu. Oili ikimwagwa huwa na vumbi la chuma linalometa. Wengi hutafuta rangi ya shaba tu, lakini beringi nyingine zina aluminiamu, kwa hiyo mmeto wa fedha nao ni ushahidi. Kata filta ya oili uitazame ndani kwenye mwanga wa jua. Filta haidanganyi.

Gari la mpwa wangu

Mpwa wangu alinunua WRX ya mwaka 2004 kutoka kwa mtu wa pili kuimiliki hapa nchini. Sehemu ya pesa ilitoka kwenye akiba yake, na sehemu ilikuwa zamu ya mamake kwenye chama. Gari lilikwenda vizuri majuma kadhaa, kisha likaanza "tak-tak-tak" asubuhi. Fundi wa kwanza akasema konrodi. Wa pili akasema tapeti. Wa tatu akashauri oili nzito zaidi, apunguze kelele auze gari haraka. Yule wa kwanza alikuwa ameshapata injini, na alitaka deposit kabla ya Jumamosi.

Alinipigia Alhamisi. "Mjomba, mama hajui bado. Nifanye nini?" Nilimwambia asilipe shilingi, asiliendeshe gari, na alfajiri ya Ijumaa tukutane. Tukamchukua fundi mmoja mzee wa Majengo, mtu wa maneno machache, mwenye bisibisi ndefu iliyokwisha rangi mpini.

"Shikamoo mzee," kijana akamwamkia. "Gari langu limenoki."

"Marahaba baba. Nani kakwambia?"

"Fundi."

"Fundi kakwambia. Gari lenyewe limesemaje?"

Tukaanza. Oili ilikuwa baina ya alama mbili za kijiti, si nyeusi sana. Alipowasha, taa ya oili ilizimika mara moja, na kelele ikaanza sekunde chache baadaye. Akamwambia kijana akanyage klachi: hakuna mabadiliko. Apandishe mizunguko hadi 2,500 na aachie polepole: kelele ilipotea njiani kwenda juu na haikurudi hadi injini ilipotulia kabisa. Dalili ya kwanza dhidi ya konrodi.

Tukatoa mikanda ya nje. Kelele ipo. Tukairudisha.

Kisha likaja jaribio ambalo ningependa kila mwenye gari alijue. Injini ikiwa inanguruma, mzee alichomoa plagi ya umeme ya injekta moja, akasikiliza, akairudisha, akaenda ya pili, hadi zote nne. Kila alipochomoa, injini ilitikisika kwa sababu silinda moja imelala. Kama konrodi au pistoni ya silinda ile ndiyo inayogonga, kelele hupungua au hubadilika, kwa sababu mlipuko unaoisukuma haupo. Kelele yetu haikujali hata kidogo. Mafundi wengine huchomoa koili, lakini hapo petroli mbichi inaendelea kuingia na kuharibu katalisti ya ekzosti, na umeme wa koili si wa kuchezea. Injekta ni salama zaidi.

Mwisho akaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Kwenye kizibo cha oili chini: kimya. Mbavu zote mbili: kimya. Mbele, penye kava za mkanda wa taimingi: akatabasamu, akanipa bisibisi nisikilize mwenyewe. Ilikuwa kama mtu anabisha hodi.

Kava zilipofunguliwa, tenshena ilikuwa imelowa oili yake yenyewe, na ndani ya kava moja palikuwa na alama nyeusi za mkanda. Tulibadilisha tenshena, roli, mkanda na pampu ya maji kwa pamoja, kwa sababu kazi ya kuvifikia ni moja. Gharama yote, ufundi ukiwemo, ilikuwa chini ya deposit ya ile injini. Na lau angelipa deposit, injini iliyotolewa ingekuwa nzima, na ile "mpya" ingekuja na mkanda wa miaka isiyojulikana.

Sitaki kumtukana fundi wa kwanza. Mwenye kosa hapa ni desturi yetu. Sisi wateja hatulipi kazi ya kutafuta ugonjwa. Fundi akitumia asubuhi nzima kusikiliza, kisha akafunga bati kwa klipu, tunampa pesa ya chai. Akitoa injini, tunalipa bila kuuliza. Tumemfundisha wenyewe wapi riziki yake ilipo. Yule mzee tulimlipa ada ya kusikiliza mbali na ada ya kufungua spana, na nashauri kila mtu apatane hivyo tangu mwanzo: "Bei yako ya kutafuta ni ngapi, hata kama hutabadilisha kitu?"

Wakati wa kuzima gari papo hapo

Nisieleweke vibaya. Kuna kelele ambazo hazingoji. Zima injini na uite gari la kuvuta kama taa ya oili imewaka pamoja na kelele, kama mgongo mzito unazidi gari linavyopata moto, kama kelele imekuja ghafla baada ya oili kupungua, au kama geji ya joto imepanda. Injini hizi hubeba lita 4 na ushei za oili, na ya turbo yaweza kula kidogo kidogo bila kuvuja hata tone chini. Ukikosa lita moja na nusu, si jambo dogo. Pima oili kila wiki, gari likiwa sawa chini na limepumzika.

Pia, mkono wako ni ghali kuliko gari. Feni za redieta huweza kuwaka zenyewe. Usiinamie injini inayonguruma ukiwa na kanzu, kikoi, shela au mikono mipana, na usiweke bisibisi karibu na mikanda inayozunguka.

Kama bado hujanunua

Muuzaji anayeijua kelele yake hulipasha gari moto kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti ukifika. Ikiwa ya moto, rudi kesho mapema bila taarifa. Omba wewe uwepo inapowashwa kwa mara ya kwanza. Zima redio. Simama mbele, kisha gurudumu la kulia, kisha la kushoto, kisha nyuma. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa kwa kilomita ngapi, ukijua kwamba kwa EJ20 huko Japani kipimo cha kawaida ni kilomita 100,000. Jibu likiwa "sijui", lihesabu gari kama halijabadilishwa, na utoe gharama hiyo kwenye bei. Kama injini ilishabadilishwa, linganisha namba iliyopigwa kwenye chuma na iliyo kwenye logbuku, kwa sababu mabadiliko ya injini yanatakiwa yawe kwenye rekodi za NTSA.

Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa inampa mnunuzi kinga fulani, lakini aliyelikagua gari mwenyewe atapata taabu kudai juu ya kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuiona. Kwa Muislamu muuzaji jambo hili lina uzito wa pili. Fiqhi ya biashara inamtaka aitaje aibu ya bidhaa anayoijua, na inampa mnunuzi khiyari ya kuirudisha ikidhihirika aibu iliyofichwa. Oili nzito iliyowekwa Ijumaa ili gari linyamaze hadi Jumatatu ni kuficha aibu, hata kama hakuna aliyeandika mkataba.

Mpangilio wa kubandika gereji

Ukitaka kuukumbuka mpangilio, ni huu. Pima oili. Liwashe baridi, usikilize. Lisikilize tena likiwa moto. Kanyaga klachi. Pandisha na uachie mizunguko. Gonga mabati. Kagua ekzosti. Toa mikanda ya nje. Chomoa injekta moja moja. Weka bisibisi au stethoskopu ya fundi. Mwaga oili, kata filta. Ukifika hapa na ushahidi wote unaelekeza kwenye konrodi, basi ndugu yangu, fungua sampu, na ikibidi tafuta injini kwa moyo uliotulia, kwa sababu sasa unanunua ukijua. Lakini mtu akikwambia utoe injini kabla hajafika hata hatua ya tatu, mshukuru kwa adabu, chukua funguo zako, na umuulize mwingine bei yake ya kusikiliza.